Kanga ya Anna Niliyoifua kwa Mkono Wangu

Wanangu, msije mkadhani nimekuja kuwafundisha vinasaba. Hayo nyie wa maabara mmeyasomea, mimi nina darasa la saba na mafunzo ya polisi basi. Nilichofanya miaka yote ya kazi ni kutunza stoo ya vielelezo katika kituo kimoja hapa Arusha, chumba kisicho na dirisha, kinanuka kutu, nguo za watu na mavi ya panya. Waliniita Afande Stoo. Mpaka leo, miaka kadhaa tangu nistaafu, nikishuka sokoni kuna akina mama wauza ndizi wananiita hivyo hivyo, na wajukuu zangu pale Lemara nadhani wanaamini ndilo jina langu la ubatizo.

Kazi yenyewe ni hii. Chochote kinachookotwa kwenye tukio kinaletwa stoo, kinaandikwa kwenye daftari, kinafungwa lebo, kinasubiri kesi. Kingine kinasubiri wiki mbili, kingine kinasubiri mpaka mtunzaji anaota mvi. Nimetunza mapanga, redio, mlango mzima pamoja na fremu yake. Nimetunza mbuzi. Msicheke! Mbuzi wa wizi naye ni kielelezo. Yule mbuzi alikula lebo yake mwenyewe, halafu akazaa mapacha kabla ya kesi kutajwa. Hakimu akauliza mbona hati ya mashtaka inasema mbuzi mmoja na yeye anaona watatu. Nikasimama kwa ukakamavu nikasema, "Mheshimiwa, kielelezo kimeongezeka." Mahakama ilicheka mpaka karani akadondosha kalamu. Mimi nikapewa onyo la maandishi.

Lakini hiyo ni ya kuwachangamsha tu. Leo nataka niwaambie habari ya kanga, na hiyo si ya kuchekesha.

Aliyenifundisha stoo alikuwa Sajenti Lazaro, Mwarusha mmoja mrefu, mkali, anayetembea na ugoro mfukoni. Siku ya kwanza aliniambia, "Binti, hapa hutunzi vitu. Hapa unatunza watu ambao hawawezi kujisemea." Nikaona mzee anajifanya mchungaji. Nguo yenye damu alikuwa anaitandaza kivulini, si juani, inakauka taratibu siku mbili tatu, kisha anaikunja na gazeti katikati na kuitia kwenye bahasha ya kaki. Kila mara gazeti, kila mara kaki. Mimi nikamwona wa kizamani. Mifuko ya plastiki ilikuwa imeanza kuletwa, inang'aa, unaona kilichomo bila kufungua. Mzee Lazaro alipoenda likizo nikahamisha nusu ya stoo kwenye plastiki, nikajisifu sana. Aliporudi alisimama mlangoni akanitazama, akasema, "Umewanyima hewa." Akaanza kutoa kimoja kimoja. Hakuvimaliza. Alistaafu mwaka huohuo, nami sikuendelea pale alipoishia.

Sasa Anna.

Anna alikuwa mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja, anaishi huku juu kwenye miteremko ya Meru, kwenye kahawa na migomba. Asubuhi moja alikutwa amekufa kando ya mfereji wa maji, njia ya kwenda kwa mama yake. Alikuwa amepigwa na kunyongwa. Daktari aliandika kwamba alipigana, na kwamba inaelekea alimng'ata aliyemuua, maana damu iliyokuwa mdomoni haikulingana na majeraha yake. Alikuwa amevaa doti ya kanga, kipande kimoja kiunoni na kingine mabegani. Vyote viwili vililetwa kwangu na vyote vilikuwa na damu.

Wakati ule kipimo tulichokuwa nacho kilikuwa kundi la damu tu. Maabara ikajibu: damu isiyo ya Anna ni kundi O. Mume wake, Elirehema, alikuwa kundi O. Nusu ya mlima ni kundi O, mimi mwenyewe ni kundi O! Lakini yeye ndiye alikuwa mume, na majirani walisema wiki ile waliwasikia wakigombana, basi akawekwa ndani. Anna alizikwa Elirehema akiwa mahabusu. Alizikwa shambani kwa mama yake, si kwa mume. Walikuwa Wachaga waliohamia huko, na sisi Wachaga mnajua uzito wa hilo: mwanamke aliyeolewa kuzikwa kwao ni kumwambia mume, wewe si wetu na huyu hakuwa wako.

Baada ya miezi kadhaa aliachiwa kwa kukosa ushahidi. Aliachiwa na serikali tu. Mama mkwe wake alimwambia mbele ya watu kwamba akikanyaga shamba lile, au akikaribia kaburi au mtoto, atamtoa kwa panga. Kanisani watu walihama benchi aliloketi. Akahama mlimani akaenda Kisongo, kule kukavu, akafuga mbuzi wake peke yake. Mtoto wao, Upendo, akalelewa na bibi, na akalelewa akijua kwamba baba yake alimuua mama yake.

Bibi huyo tulimwita Mama Anna, na hata baada ya Anna kufa aliendelea kuwa Mama Anna. Kila Ijumaa alikuja kituoni. Hakuja kuuliza kesi. Alikuja kuuliza kanga. Ile doti alimpa Anna yeye mwenyewe siku ya kumuaga akienda kuolewa, na alikuwa ameipinda kwa mkono, si kwa cherehani. "Nipe hata kimoja, mwanangu," ananiambia. "Nijifunike tu." Nikamwambia haiwezekani, Mama, ni kielelezo. Ijumaa inayofuata yuko palepale, na ndizi mbivu mkononi ananiletea mimi. Wiki ngapi? Sikuzihesabu. Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza mwaka ule. Moyo wangu haukuweza.

Nikatoa kipande kimoja kwenye mfuko. Hapo hapo ningempa, pengine nisingekuwa na simulizi. Lakini kwetu nguo ya marehemu haitolewi ikiwa chafu. Inafuliwa kwanza, inakunjwa vizuri, ndipo wanafamilia wanapewa. Na nitampaje mama damu ya mwanawe mikononi? Basi nikaifua. Nyuma ya kituo, kwenye beseni, kwa maji baridi na sabuni ya mche, nikisugua na kulia. Nikaianika, nikaikunja, Ijumaa nikampa. Aliinusa, akasema, "Inanuka sabuni." Akaondoka nayo, hakuja tena.

Kwenye daftari sikuandika kitu. Lebo ikaendelea kusema "kanga doti moja," na ndani kulikuwa na kipande kimoja. Jalada lilikuwa limelala, nani angeuliza? Nikajiambia nimetenda wema. Wanangu, nililala nao wema huo miaka zaidi ya ishirini, na kila nilipopita barabara ya Kisongo kwenda uwanja wa ndege kumpokea mtu, nilikuwa natazama upande mwingine.

Nikastaafu. Nikapanda maua, nikaanza kufuma masweta ya wajukuu. Siku moja simu ikalia. "Shikamoo Afande. Naitwa Inspekta Vaileth, nimepewa majalada ya zamani ya mauaji niyapitie upya. Naomba kujua, kanga ya pili ya Anna iko wapi?"

Nilikaa chini kwenye sakafu ya jiko.

Vaileth ni binti wa juzi tu, anakaa Njiro, anaendesha mwenyewe, anaongea haraka. Alikuja kwangu siku hiyohiyo. Aliniambia kipande kilichobaki stoo wamekifungua na kukuta ukungu mtupu. Plastiki! Nguo haikukauka vizuri, ikafungiwa jasho lake, ikaoza. Maabara ilijaribu, haikupata kitu. Halafu akasema, "Ndiyo maana nataka cha pili. Mzee Elirehema ameandika barua kwetu kila mwaka, Afande. Kila mwaka anaomba apimwe. Hakuna aliyemjibu."

Ningeweza kusema sijui. Mhifadhi mstaafu, uzee, stoo imehamishwa mara mbili, panya. Vaileth angeniamini, alikuwa ananiita Mama. Nikamtengenezea chai, nikamwambia yote: beseni, sabuni, Ijumaa, daftari. Nilipomaliza nikasema, "Kama ni kunishtaki nishtaki. Ila yule baba miaka yote hii, mmoja wa waliomfunga ni mimi."

Akauliza swali ambalo sikulitegemea kabisa. "Mama, maji yalikuwa ya moto au baridi?"

"Baridi. Damu haifuliwi kwa maji ya moto, inashika."

"Uliweka dawa ya kutoa madoa?"

"Ningeichujisha rangi, kanga nzuri vile? Hapana."

"Na upindo. Ulishonwaje?"

"Kwa mkono. Umekunjwa mara tatu, mnene. Mama yake alikuwa anapinda hivyo."

Vaileth akaweka kikombe chini. "Inuka Mama, twende. Damu ikiingia ndani ya upindo uliokunjwa hivyo, sabuni haifiki kote. Inawezekana. Sikuahidi, lakini inawezekana."

Ndiyo hiyo teknolojia yenu. Niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na ilianza na swali la ufuaji.

Tulimkuta Mama Anna kitandani. Alikuwa amezeeka sana, miguu imevimba, Upendo anamuuguza. Upendo sasa ni mwalimu, ana watoto wake. Nilijitambulisha. Yule bibi akanishika mkono akasema, "Afande Stoo! Wewe ndiwe uliyenipa mwanangu." Kanga ilikuwa chini ya mto. Hakuwahi kuifua tena hata mara moja, alisema, ili isichakae.

Vaileth alimweleza kwamba wanaihitaji, pengine itaonyesha aliyemuua Anna. Mama Anna hakusita. Aliitoa mwenyewe chini ya mto, akaibusu, akasema, "Chukueni. Kammalizeni yule Elirehema kabla sijafa." Nikatazama ukutani. Upendo naye alitazama chini.

Tuliifunga kwenye kaki. Niliomba niifunge mimi, gazeti katikati, na Vaileth akaniruhusu huku ameshika karatasi tusaini wote. Kisha akachukua kijiti cha pamba ampanguse Mama Anna ndani ya shavu, na Upendo pia, ili maabara ijue kutofautisha damu ya Anna na ya mtu mwingine. Bibi akafungua mdomo akasema, "Nimebakiza mawili, msije mkayang'oa." Hata Upendo alicheka.

Elirehema alikuja kituoni mwenyewe kutoka Kisongo, na koti lake la kanisani. Alipofungua mdomo kwa kile kijiti alisema, "Chukueni hata jino mkitaka. Nilidhani nitakufa kabla hamjaniomba." Nilikuwa nimesimama kwenye korido. Sikuthubutu kumsalimia.

Nyie mnaotazama tamthilia, majibu hayatoki kabla ya matangazo. Tulisubiri. Miezi ilipita, Mama Anna akazidi kudhoofika, kila nikisali nasema Bwana mwache kwanza asikie. Nilikuwa nampigia Vaileth mpaka akawa anapokea simu kwa kusema, "Bado, Mama." Siku moja akapokea hakusema bado.

Katika upindo, ndani ya kunjo la tatu, kulikuwa na damu ya Anna na damu ya mwanaume. Mwanaume huyo si Elirehema. Vaileth akarudi kwenye jalada akakuta maelezo ya shahidi mmoja ambayo hakuna aliyeyafuatilia: dalali wa ng'ombe aliyekuwa akipita njia ile, alionekana wiki ileile mkono umefungwa kitambaa, akasema ameumwa na mbwa. Wakamtafuta, yu hai. Wakampima, damu ikalingana. Kesi iko mahakamani, kwa hiyo siisemei zaidi ya hapo. Wakili wake atauliza kanga ilikuwa wapi miaka yote hii, nami nitasimama nieleze beseni na sabuni mbele ya watu wote. Mniombee.

Tukarudi kwa Mama Anna. Vaileth alimweleza taratibu, mara mbili, akishika mkono wake.

"Unasema damu mmeikuta kwenye upindo," bibi akasema. "Upindo nilioukunja mimi?"

"Ndiyo, bibi."

"Na si ya Elirehema."

"Si yake."

Alilia bila sauti, kwa muda mrefu, mpaka Upendo akapanda kitandani akamkumbatia. Kisha akaniita mimi. "Wewe ni wa Machame kama mimi. Nenda pale kwenye mpaka wa shamba ukachume isale. Mimi siwezi kwenda Kisongo. Nipelekee."

Kwa msioijua, isale ni yale majani marefu ya kijani tunayopanda mipakani na kwenye makaburi. Mtu akikosa, anayechukua jani la isale akaenda nalo kwa aliyemkosea, huyo haombi tena kwa maneno mengi. Jani linaomba. Nikachuma mawili. La kwanza la Mama Anna, la pili langu.

Mzee Elirehema alikuwa anawanywesha mbuzi maji. Aliyaona majani mkononi mwangu kabla hajanitambua, akaweka ndoo chini. Nikamwambia la kwanza limetoka kwa nani. Akalipokea kwa mikono miwili. Halafu nikamwambia la pili ni langu, nami ni nani, na nilifanya nini na kanga ya mke wake, na kwamba sikuandika. Nilisema yote nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi, mwanamke mzima wa miaka yangu, na sikuona aibu.

Hakupokea mara moja. Upepo wa Kisongo ukavuma, mbuzi wakaanza kuitafuna ncha ya lile jani, nikalivuta. Akacheka kidogo sana. Kisha akalichukua, akasema, "Inuka, Afande. Ngoja nivae koti."

Vaileth alituendesha mpaka kwa Mama Anna, na tulipofika mzee alikwenda kwanza kaburini. Hakuwa amewahi kuliona. Upendo alitangulia mbele, akamwonyesha, akasimama pembeni mikono imeshikana. Mzee aliinama, akachota udongo kwa kiganja, akautupia juu ya kaburi kama tunavyofanya siku ya maziko. Akachota tena akautia mkononi mwa Upendo, naye akautupa. Ndipo Upendo akamwita, "Baba." Mimi na Vaileth tulikuwa tumeegemea mgomba, hatuna hata leso moja kati yetu.

Ndani, Mama Anna alikuwa ameomba aketishwe. Amevaa kitambaa kipya kichwani. Mkwe wake alisimama mlangoni, hajui aingie au asiingie. Nilijiandaa kwa maneno mazito, nikadhani ataomba msamaha, atalia, atapiga mayowe. Bibi akamtazama tangu viatuni mpaka kichwani.

"Baba Upendo," akasema, "mbona umekonda hivyo? Umekula?"

Upendo akaleta mtori wa ndizi, akamlisha bibi kijiko kimoja, akampa baba yake bakuli, naye akala amekaa ukingoni mwa kitanda cha mama mkwe wake, kitu ambacho kwa mila mkwe hakikalii, na hakuna aliyemkemea. Mama Anna aliishi wiki saba baada ya hapo, na kati ya waliobeba jeneza lake, Elirehema alikuwa wa mbele.

Basi wanangu, mashine zenu nazipenda, na mkinialika tena nitakuja nizishangae. Lakini kausheni kivulini. Tumieni kaki. Na mkikosea, andikeni siku hiyohiyo, hata kama kosa lenyewe mmelifanya kwa huruma, maana kuna mtu Kisongo anaandika barua.

Siku ile tunatoka kwa Mama Anna, mzee alinisindikiza mpaka kwenye gari. Akauliza kanga itatoka lini mahakamani. Nikamwambia kesi ikiisha, familia itaruhusiwa kuiomba.

"Upendo amesema nichukue mimi," akasema. Akashika mlango wa gari, hakuufunga. "Afande, ikitoka, tafadhali, msiifue."

"Hatuifui, Baba Upendo," nikamwambia. "Safari hii hatuifui."